Chupa za Bonde la Bistrița

Mwaka kiwanda cha karatasi cha Vadu Rece kilipofungwa, wanaume wa mji ule waliingia baa ya stesheni wakakaa kusubiri kifunguliwe tena, na wake zao wakashika majembe wakapanda viazi. Zamfira, mke wa Toader, hakusubiri wala hakupanda. Siku moja ya mwezi wa Mei, jua la utosi, alipita katikati ya barabara kuu amebeba mgongoni gunia la chupa tupu zilizokuwa zikigongana kila alipotupa hatua, na watu wakachungulia madirishani kutazama ni kengele gani hiyo inayotembea.

Toader alikuwa amelala chali chini ya lori lake, akijaribu kulibembeleza liishi mwaka mwingine. Lori lilikuwa la kubebea magogo, lakini kampuni ya magogo nayo ilikuwa imeshakufa. Alisikia mlio, kisha akaona viatu vya mkewe.

"Toka huko chini unisaidie kushusha," Zamfira alisema.

"Umezitoa wapi hizo?"

"Nyuma ya baa. Wanaume wa mji huu wanakunywa kama ng'ombe waliotoka jangwani, halafu chupa wanatupa mtaroni."

"Na watu wamekuona?"

"Wote. Padri ndiye aliyenitwika."

Barazani, Bibi Safta, mama yake Toader, aliweka chini bakuli la maharage aliyokuwa akiyachambua. Akapiga ishara ya msalaba, akairudia, kisha akamtazama mwanawe, si mkwewe, maana mkwewe alikuwa hamtazami siku za kazi.

"Nilikwambia uoe binti wa fundi saa," alisema. "Ukakataa. Sasa umeniletea mwokota taka."

"Mama," Zamfira alijibu huku akijinyoosha mgongo, "binti wa fundi saa angekaa nawe hapo barazani mkazihesabu dakika mpaka mfe njaa."

Toader alicheka kimoyomoyo, maana kucheka kwa sauti mbele ya mama yake lilikuwa jambo la hatari.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho Zamfira hakuwahi kukizoea katika miaka yote aliyofanya kazi kiwandani. Kazi yake ilikuwa kwenye pipa kubwa la chuma, kubwa kama kisima cha kijiji, ambamo karatasi kuukuu zilipikwa. Upande mmoja yaliingia magazeti yenye masizi, maboksi yaliyolowa, daftari za watoto. Upande wa pili ilitoka karatasi nyeupe kama shuka la bibi harusi. Wenzake walilizoea, wakasinzia. Yeye kila siku aliliona kama mara ya kwanza.

"Kitu hakifi, Toader," alimwambia mumewe jioni ile wakila ugali wa mahindi na jibini. "Watu ndio huchoka nacho."

"Niambie kitu kingine. Chupa zako utampelekea nani?"

"Kiwanda cha vioo, bonde la pili. Wanaziyeyusha. Lori unalo."

"Lori langu ni la magogo."

"Magogo yako wapi?"

Toader alimaliza ugali wake. Hakuwa na jibu, na mtu asiye na jibu kwa Zamfira alikuwa tayari ameajiriwa.

Ng'ambo ya daraja, pale mji unapoishia, waliishi Waroma, kabila dogo lililotengwa tangu zamani, ukoo wa wafua shaba ambao zamani walitengeneza mitungi ya kupikia pombe ya matunda ya plamu kwa bonde zima. Sasa hakuna aliyenunua mitungi. Walizunguka na mikokoteni ya farasi wakiokota chuma chakavu, na walipopita, wanawake wa mji walishika pochi zao, na wenye maduka walisimama mlangoni. Mkubwa wao aliitwa Ghiocel, mtu mrefu mwenye kofia pana na masharubu yaliyoanza kuingia mvi. Zamfira alivuka daraja peke yake, akaketi kwenye kigogo mbele ya nyumba yake kama mtu aliyealikwa.

"Shemeji," Ghiocel alisema baada ya kumsikiliza, "sisi polisi hutufukuza tukiokota. Wewe umekuja kutuomba tuokote?"

"Sijaja kuomba. Nimekuja tufanye kazi."

"Kazi ya nani?"

"Yangu na yako. Wewe una farasi, mimi nina mume mwenye lori. Farasi wako anafika vichochoroni, lori linafika mbali."

Ghiocel alimgeukia farasi wake aliyekuwa akila majani kando ya ukuta. "Umesikia, mzee? Tumepata ajira. Kuanzia leo unyoe."

Ndivyo kampuni ilivyoanza, ingawa hakuna aliyeiita kampuni. Walipata mazizi matupu ya shamba la zamani la ushirika, yenye paa la bati lililokuwa likipiga makofi kila upepo ulipovuma. Humo walitenga vioo, karatasi na chuma. Toader alisafirisha. Majira yalipita, likaja lori la pili, kisha la tatu, na kila Jumapili Ghiocel alikuja na wanawe kupanga kazi ya wiki. Bibi Safta alikuwa akiwawekea meza nje, chini ya veranda, hata mvua iliponyesha. Ndani hawakuingia. Zamfira alichukua sahani yake, akatoka, akala nao nje, na Toader akamfuata, na mama wa watu akabaki peke yake mezani na supu yake.

Kisha yakaja maji ya chupa na soda za plastiki, na nchi nzima ikabadilika sura. Chupa zilijaa mitaroni, zikaning'inia kwenye matawi ya mierebi kando ya mto, zikabingirika viwanjani pamoja na watoto. Hakuna aliyezitaka. Ghiocel alizileta kwa sababu zilikuwa nyingi, si kwa sababu zilikuwa na maana, na zizi moja likajaa hadi darini. Hatimaye Zamfira akasikia kwamba kule tambarare, upande wa pili wa milima, kuna kiwanda kinazinunua. Walizibana kwa mashine ya kubania nyasi, zikawa marobota, na Toader akaondoka nazo.

Aliporudi kesho yake alinawa, akaketi, akala supu yote na mkate wote, mkewe akimtazama.

"Wamezikataa?"

"Wamezichukua."

"Basi una nini?"

"Zamfira, niliomba waniruhusu niingie ndani. Niliona kwa macho yangu haya. Zinasagwa zinakuwa chenga kama mvua ya mawe. Chenga zinayeyuka zinakuwa kama asali. Halafu hiyo asali inasukumwa kwenye sahani ya chuma yenye vitundu vidogo, huwezi hata kuviona, na huko chini zinatoka nyuzi." Alitafuta neno, asilipate. "Nyuzi, mke wangu. Nilizishika. Laini kama sufu ya mwanakondoo. Kulikuwa na blanketi pale, nikaambiwa, hili lilikuwa chupa mwezi uliopita."

Alikuwa mtu mzima aliyeendesha lori la magogo katika theluji za milimani, na sasa alikuwa akisugua vidole juu ya meza kama bado amezishika.

Zamfira akauliza, "Hiyo mashine ina urefu gani?"

"Kwa nini?"

"Nalipima zizi kichwani."

"Wewe mwanamke," Toader alisema, "Mungu alipokuumba alisahau kukuwekea breki."

Hawakununua mashine ile mwaka huo, wala uliofuata. Walinunua ndogo, ya kusaga tu, kuukuu, iliyotoka Italia. Pengine wangebaki hivyo, kampuni ya mazizi matatu na malori yanayohesabika kwa vidole, kama si masika yale ambayo theluji ya milimani iliyeyuka kwa pamoja na mvua ikanyesha juu yake.

Mto Bistrița unashuka kutoka milimani ukipita vijiji vingi, na kila kijiji wakati ule kilikuwa na korongo lake la kutupia taka. Maji yalipopanda yaliyasafisha makorongo yote, moja baada ya jingine, yakashuka na kila kitu hadi kwenye ziwa la bwawa. Pale ukuta wa bwawa uliyazuia.

Toader na Zamfira walipelekwa huko asubuhi na mhandisi wa bwawa, mwanamke kijana aliyeitwa Otilia, ambaye hakuwa amelala na hakujali nani anaona. Walishuka kwenye gari juu ya kilima, na Toader akadhani ziwa limeganda. Lilikuwa jeupe kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha akaona kwamba barafu hiyo inapumua. Ilikuwa ikiinuka na kushuka taratibu, na jua lilipotokeza nyuma ya mlima Ceahlău, ziwa zima likamemetuka mpaka akafunika macho. Zilikuwa chupa. Chupa juu ya chupa juu ya chupa, na kati yake milango, viatu, wanasesere, jokofu moja, paa la banda la kuku. Na sauti! Hakuwahi kusikia sauti kama ile. Chupa zote zilikuwa zikisuguana kwa wimbi, na mnong'ono ule ulijaza bonde kama kanisa kubwa lenye watu wanaosali kila mtu kwa siri yake.

Toader alivua kofia. Hakujua kwa nini.

"Zikifika kwenye milango ya maji," Otilia alisema, "itabidi tuzime mitambo ya umeme. Nimepigia simu kila kampuni kubwa nchini. Wote wamenicheka."

Zamfira alikuwa amesimama ukingoni kabisa, mikono kwenye mifuko ya koti. Toader aliutazama uso wake akitegemea kuona hofu kama yake. Badala yake aliona uso wa mtoto anayetazama theluji ya kwanza.

"Toader," alinong'ona, "tazama jinsi zilivyo nyingi."

"Ninaona. Twende nyumbani."

"Tunazitoa," alisema Zamfira, akamgeukia yule mhandisi. "Nipe boti zako."

Zamani, kabla bwawa halijajengwa, watu wa bonde lile walikuwa wakishusha magogo mtoni kwa vyelezo, na mababu wote waliokuwa wakiota jua mlangoni kwao waliwahi kupanda vyelezo hivyo. Otilia alichora ramani ya upepo na mikondo ya ziwa. Wazee wakafunga magogo ya misonobari ncha kwa ncha kwa minyororo, yakawa mkufu mrefu unaoelea. Boti mbili zikaukamata mkufu huo huku na huku, zikaukokota taratibu kuzunguka chupa kama mtu anayekusanya makombo mezani kwa mkono. Zilipofika ukingoni, watu walizisubiri.

Siku ya kwanza walikuwa wafanyakazi wa Zamfira na ukoo mzima wa Ghiocel, waliosimama majini hadi kiunoni na reki na uma za kubebea nyasi. Maji yalikuwa ya theluji. Ghiocel aliimba, na aliposhindwa kuimba kwa baridi, alitukana, na matusi yake yalikuwa na vina.

"Kaka Ghiocel," Toader alimwambia, "nenda ukae kwenye moto. Midomo imekuwa ya buluu."

"Inaendana na koti," alisema Ghiocel, akaendelea.

Siku ya pili walikuja watu wa kijiji cha juu, kwa aibu, kwa sababu walitambua vitu vyao. Mwanamke mmoja alivuta kiti kutoka majini akasema, "Hiki ni changu," akakaa juu yake akalia, kisha akasimama akachukua reki. Siku ya tatu, karibu na saa sita, mkokoteni ulishuka kilimani umebeba sufuria kubwa la supu chachu ya kuku, na kando ya sufuria ameketi Bibi Safta, kilemba cheusi kimefungwa hadi kwenye nyusi.

Alishuka. Alisimama akatazama. Bonde zima sasa lilikuwa ukingoni, Waroma na wenyeji, padri amekunja kanzu, walimu, walevi wa baa ya stesheni, wote mkono kwa mkono wakipitishiana magunia kupanda kilimani, na mkufu wa magogo ukija tena kutoka katikati ya ziwa na mzigo wake unaomemetuka. Bibi Safta alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu Toader azaliwe, hakikutoka kitu.

"Mama," Toader alisema, "karibu. Wewe si ulisema kazi ya kuokota taka—"

"Nyamaza. Nipe hiyo reki."

"Una miaka—"

"Nipe reki, Toader!"

Alifanya kazi hadi jua lilipozama mlimani. Kisha akapakua supu, na bakuli la kwanza alimpelekea Ghiocel kwa mikono miwili, pale alipokaa akitetemeka kando ya moto. Ghiocel alivua kofia akanywa. Jumapili iliyofuata meza ilikuwa ndani.

Ziwa lilisafika kabla maua ya mitufaha hayajaanguka. Lakini sasa mlima wa chupa ulisimama nyuma ya mazizi, mrefu kuliko mnara wa kanisa, na kile kiwanda cha tambarare, kilipoletewa robota la kwanza, kilikataa. Zina tope, walisema. Zina mafuta, zina mchanga. Hazifai.

Toader alirudi na robota lake kama alivyoondoka. Alimkuta Zamfira amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa chini ya mlima ule, mdogo kama kunguru.

"Wamezikataa," alisema.

"Najua. Wamepiga simu."

"Tutafanya nini nazo? Kuzirudisha ziwani?"

Mkewe alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe, "Karatasi ilikuja kwetu ikiwa na tope na mafuta. Tuliiosha. Tulikuwa na maji ya moto na muda." Akainuka, akajipangusa. "Ghiocel bado anajua kufua shaba?"

Majira yale ya joto mji haukulala usingizi wa mchana kwa sababu ya nyundo. Wafua shaba wa ukoo wa Ghiocel walikata matangi ya maziwa ya lile shamba la zamani wakayaunganisha. Otilia alikuja siku zake za mapumziko kuchora mabomba. Zamfira alipita kati yao akiuliza maji yataingia wapi na uchafu utatokea wapi. Mwishowe likasimama pipa refu la kulala, linalozunguka, ndani yake maji ya moto na magadi. Walimimina chenga za chupa za ziwani, za rangi ya tope. Waliliacha lizunguke. Wakafungua mlango wa upande wa pili.

Zilitoka chenga nyeupe, zenye mng'aro wa sukari iliyosafishwa, zikamiminika sakafuni, zikaendelea kumiminika. Mafundi waliacha nyundo. Ghiocel alipiga magoti akachota kwa viganja, akazipitisha kati ya vidole vyake vilivyofua mitungi ya harusi za bonde zima.

"Shemeji," alisema, "baba yangu aliniambia shaba ndiyo pekee inayosafika hivi."

Kuanzia hapo Toader hakuweza tena kusimulia mambo kwa mpangilio, maana yalikuja kama maji ya masika. Wale wa tambarare walikuja wenyewe kununua. Miji ikaanza kumpa Zamfira mapipa yake ya taka, kwanza mmoja, kisha jirani yake, kisha mikoa. Malori ya kijani yenye jina la kampuni yakaonekana hadi Bahari Nyeusi, na Toader, aliyewahi kuwafahamu madereva wake kwa majina ya watoto wao, akajikuta anasalimiwa barabarani na watu asiowajua waliovaa fulana zake. Mazizi yalibomolewa. Yakajengwa mabanda ambayo mtu akiingia mlango huu hamtambui aliyesimama mlango ule. Yalikuja marobota kutoka Ugiriki, kutoka Ujerumani, kutoka nchi ambazo Bibi Safta alizijua kwa vita tu.

"Wajerumani wanatuletea taka zao?" aliuliza.

"Wanatuuzia, mama. Tunazitaka."

"Zamani walikuja kuchukua. Sasa wanaleta. Nimeishi sana."

Siku ambayo Toader aliikumbuka kuliko zote ni ile walipowasha mashine ya nyuzi, ile Zamfira aliyoipimia zizi kichwani miaka mingi nyuma. Kabla hazijafika kwenye nyuzi, chupa zilikimbia kwenye mkanda mpana chini ya taa kali, na mashine ilikuwa na jicho. Jicho lilizitazama zikipita kwa kasi ambayo binadamu huona ukungu tu, likajua hii ni ya kijani, hii ya buluu, hii nyeupe, na pumzi ya hewa ikairusha kila moja mahali pake, pa, pa, pa, kama mtu anayepuliza mishumaa elfu. Juu ya mkanda, mawimbi ya chupa. Chini, mito mitatu ya rangi.

Wageni waliokuja kuona uzinduzi walipiga makofi. Toader alimtafuta mkewe hakumwona. Alimkuta nyuma ya nguzo, amevaa suti yake ya kijivu, mgongo ameuegemeza ukutani, uso hauna damu.

"Unaumwa?"

"Hapana." Alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama siku zile za ziwani. "Toader, imenizidi. Nilitaka zizi. Tazama hii. Nani ameifanya?"

"Wewe."

"Mimi nilibeba gunia. Hii... hii ni kubwa kuliko mimi. Naiogopa."

Katika ndoa yao yote hakuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Hakujua amwambie nini, kwa hiyo alisema ukweli. "Mimi nakuogopa wewe tangu mwaka tulipooana. Mtu huzoea."

Zamfira alimtazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakaharibu wanja, na wakati huo huo mwisho wa banda nyuzi zikaanza kushuka, nyeupe, nyingi, kama maporomoko ya maji yasiyo na sauti, na watu wote pale ndani wakazisogelea.

Mto wa kwanza wa kulalia uliojazwa nyuzi zile alipelekewa Bibi Safta. Aliubonyeza, akaunusa. "Nilalie chupa za walevi?" alisema. Lakini aliulalia, na hakuurudisha.

Ghiocel alifariki mwezi wa Aprili, moyo ulisimama akiwa amekaa mlangoni kwake akivaa viatu aende kazini. Alikuwa mkuu wa wakusanyaji wote wa mkoa, mwenye watu mia kadhaa chini yake, na bado alivaa kofia ileile na hakukubali kuitwa mkurugenzi. Wanawe walisema baba yao aliagiza abebwe kwa mkokoteni wa farasi, si kwa gari. Toader akaosha lori lake ili alifuate jeneza, kwa sababu aliona si sawa rafiki yake aende peke yake barabarani bila lori nyuma yake. Hilo tu ndilo lililopangwa.

Zamfira alipanda kando yake. Mkokoteni ulitoka ng'ambo ya daraja, bendi ya tarumbeta ikitangulia, na Toader akawasha taa, akaingia nyuma yake kwa mwendo wa mtu anayetembea. Pale darajani aliona malori mawili ya kijani yamesimama kando, madereva wamevua kofia. Yalipopitwa, yakaingia nyuma yake. Kwenye njia panda ya stesheni kulikuwa na mengine. Halafu mengine. Yalikuwa na namba za mikoa ya mbali, za milimani na za baharini. Wengine walikuwa wameendesha usiku kucha.

"Ni wewe uliyewaita?" Toader aliuliza.

"Mimi? Mimi nimemwambia padri tu."

Walipita katikati ya mji. Maduka yalikuwa yamefungwa. Wanawake walewale waliokuwa wakishika pochi, na mabinti zao, walisimama kandokando ya barabara na mishumaa, na wazee walivua kofia mkokoteni ulipopita na hawakuzivaa tena. Mbele ya geti lao, Bibi Safta, ambaye umri wake hata yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuufuatilia, alikuwa ametolewa nje kwa kiti. Jirani alimwinamia kumwuliza jambo, na kwa kuwa Bibi Safta alikuwa kiziwi na alidhani na wengine ni viziwi, jibu lake lilisikika hadi ndani ya lori.

"Namjua, kwani simjui? Kila Jumapili alikula mezani kwangu!"

Zamfira alifuta macho kwa kiganja. Barabara ilianza kupanda kuelekea makaburini, ikizunguka kilima, na Toader akatazama kwenye kioo cha pembeni. Bonde lote lilikuwa chini yake, na barabara yote ilikuwa ya kijani, lori nyuma ya lori, taa zimewaka mchana, zikipita daraja, zikipita stesheni, zikitokeza polepole nyuma ya msitu wa misonobari. Kila alipodhani hilo ndilo la mwisho, jingine lilitokeza.

"Yanaishia wapi?" Zamfira aliuliza. Kioo chake hakikuonyesha vizuri.

"Sioni mwisho."

Alimwona mkewe ananyoosha shingo, anatazama nyuma kwa muda mrefu, midomo imeachana kidogo, kama siku ile ukingoni mwa maji meupe. Kisha akakaa vizuri, akafunga mikono mapajani.

"Basi nenda taratibu," alisema. "Anayeongoza ni farasi."